Sabuni, Krimu na Maji ya Ubatizo

Miaka kadhaa iliyopita tulihubiri juu ya mkorogo. Ilikuwa Jumapili ambayo Umoja wa Wanawake waliongoza ibada, na somo lilikuwa Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3, pale mtume anapozungumzia kujipamba kwa nje na utu wa moyoni. Tulikuwa tumejiandaa vizuri, au ndivyo tulivyodhani. Katikati ya mahubiri tukatumia ule mzaha ambao kila mtu mjini anaujua, wa mwanamke mwenye uso wa Fanta na miguu ya Coca-Cola. Usharika ulicheka. Wazee wa kanisa kwenye viti vya mbele walicheka hadi wakafuta machozi, nasi tukazidi kuchangamka, maana mhubiri akisikia kicheko hudhani Roho yuko kazini.

Jumapili iliyofuata mama mmoja wa kwaya, sauti ya pili, hakuonekana. Hakuonekana mwezi ule, wala mwezi uliofuata, na Chakula cha Bwana kilipita bila yeye. Mwinjilisti alipomtembelea alimkuta amejifunika kanga hadi usoni, mashavu yamebabuka, na chini ya macho pametanda rangi ya kijivu. Alisema maneno machache tu: kwamba siku ile alihisi watu wote wanamtazama yeye, na kwamba waliogeuka kweli kumtazama hawakuwa wachache.

Alikaa nyumbani miezi saba. Insha hii imetokana na miezi hiyo. Tulianza kusoma historia ya vitu hivi, kwanza kwa lengo la kujitetea, na kadiri tulivyosoma ndivyo utetezi wetu ulivyopungua. Tuligundua kwamba tulimhubiri mnunuzi tukamsahau muuzaji. Na muuzaji huyu alianza kazi yake zamani sana, kabla bibi zetu hawajazaliwa, tena mara nyingine akiwa na mhubiri pembeni yake.

Turudi nyuma hadi Uingereza ya miaka ya 1880. Viwanda vilikuwa vimejifunza kutengeneza sabuni kwa wingi na kwa bei nafuu, na sabuni ya kiwanda hiki haikutofautiana sana na ya kiwanda kile. Aliyeona jambo hili mapema alikuwa Thomas Barratt, mkwe wa familia iliyomiliki sabuni ya Pears. Barratt alielewa kwamba bidhaa zikifanana, anayeshinda ni yule mwenye hadithi nzuri zaidi. Akamlipa mwigizaji maarufu Lillie Langtry, aliyesifiwa kwa weupe wa ngozi yake, ili jina na uso wake viiuze sabuni. Akanunua mchoro wa John Everett Millais, wa mtoto anayepuliza mapovu, uliochorwa mwaka 1886, akaugeuza kuwa tangazo. Wasomi wa biashara humwita baba wa matangazo ya kisasa, nao hawakosei.

Tangazo lililotusimamisha lilikuwa jingine, na ni rahisi kulieleza. Mtoto mweusi ameketi ndani ya beseni, na mtoto mzungu aliyevaa aproni anamwonyesha kipande cha sabuni. Katika picha ya pili mtoto mweusi ametoka majini. Kuanzia shingoni kwenda chini amekuwa mweupe, uso tu ndio umebaki mweusi, na mwenzake amemshikia kioo ajione. Waingereza walilikuta katika magazeti yao wakaona ni kichekesho kizuri cha watoto.

Sisi tuliosomea theolojia hatuwezi kuitazama picha hiyo bila kushtuka. Ni ubatizo. Kuna maji, kuna anayeosha na anayeoshwa, kuna mtu wa kale anayezama na mtu mpya anayetoka. Kilichoondolewa ni Neno tu. Katekisimu Ndogo, ambayo kila mtoto wa Kipaimara huikariri, inafundisha kwamba maji peke yake hayawezi kutenda mambo makubwa ya ubatizo, bali Neno la Mungu lililo pamoja na maji. Tangazo lilipoliondoa Neno likaweka chapa ya kiwanda mahali pake, na mahali pa dhambi likaweka ngozi. Kwa lugha ya Kanisa, hapo ndipo tunapoiona hatari ya matangazo ya urembo kwa zaidi ya miaka 130 sasa: yamejifunza kumwonyesha mtu doa ambalo hakuwa nalo, kisha yakamuuzia maji ya kulitoa.

Tungependa kusema kwamba Kanisa lilisimama likapinga. Katika miaka hiyohiyo ya 1880 mhubiri maarufu kuliko wote Marekani, Henry Ward Beecher wa Brooklyn, alikubali jina lake litumike kuisifia sabuni ya Pears. Hoja yake ilikuwa kwamba kama usafi umekaa jirani na utauwa, basi sabuni nayo ni njia ya neema, na mchungaji hapaswi kuona haya kuipendekeza. Inawezekana alikuwa anatania. Lakini neno hilo, njia ya neema, sisi Walutheri tunalitumia kwa Neno na Sakramenti, wala hatuongezi kitu. Beecher huyu si mtu wa kudharauliwa. Alipambana na utumwa kwa ujasiri, na dada yake ndiye Harriet Beecher Stowe, aliyeandika riwaya iliyowachoma Wamarekani moyo kuhusu watumwa. Mtu wa namna hiyo aliikopesha mimbari yake kwa biashara ambayo wakati uleule ilikuwa inamchora mtoto mweusi kama uchafu wa kuoshwa.

Mwaka 1899 kampuni hiyohiyo ilitoa tangazo la amiri wa jeshi la majini la Marekani akinawa mikono ndani ya meli yake. Katika pembe moja ya chini amechorwa mzungu akimkabidhi sabuni mtu mweusi aliyejikunyata chini. Maandishi yalidai kwamba sabuni hiyo ni msaada katika kuubeba mzigo wa mzungu, yaani ule wajibu ambao watawala wa kikoloni walijitwika wa kuwastaarabisha wengine. Tusisahau kwamba mwaka huo wamisionari wa Leipzig walikuwa wameshakaa Kilimanjaro miaka 6. Wao walileta Injili, na kwa hiyo tunamshukuru Mungu. Lakini waliletwa na meli zilezile zilizoleta sabuni, na babu zetu hawakupewa darasa la kutenganisha kipi ni cha Kristo na kipi ni cha duka.

Kwa ufupi tuseme pia mafuta ya sabuni yalitoka wapi. Mwaka 1911 kampuni ya William Lever, mwenye sabuni ya Sunlight, ilipewa na serikali ya Ubelgiji maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo, na makao yake yakaitwa Leverville. Watu walilazimishwa kupanda michikichi kukata mikungu ya mawese. Mikono myeusi ilivuna kwa shuruti mafuta ya bidhaa iliyotangazwa kama ishara ya usafi na ustaarabu.

Sabuni, hata hivyo, haibadilishi ngozi. Aliyeamini tangazo aliosha uso, akaubandua ule utani, akabaki na uso wake. Hatari ilikuja pale dawa zilipopatikana za kutimiza ile ahadi.

Krimu zenye zebaki zilikuwapo tangu zamani, Ulaya na Marekani, na wanawake wazungu ndio waliozitumia kwanza, wakiondoa madoa ya jua. Dawa nyingine iligunduliwa kwa njia ambayo ingekuwa kichekesho kama isingekuwa msiba. Mwaka 1939 madaktari Marekani waliandika juu ya wafanyakazi weusi wa kiwanda cha ngozi, ngozi za wanyama, ambao mikono yao ilikuwa imepoteza rangi kwa mabaka. Walipochunguza wakakuta sababu ni glavu za mpira ambazo wafanyakazi walipewa wavae. Ndani ya mpira kulikuwa na kemikali ya kuzuia usichakae, ya jamii ya haidrokwinoni. Kwa wafanyakazi lilikuwa jeraha la kazini. Kwa watengeneza vipodozi lilikuwa habari njema. Jeraha la maskini likawekwa kwenye kopo, likapewa manukato, likauzwa kama urembo.

Soko kubwa likawa Afrika Kusini, na kutoka huko krimu zikapanda kuelekea kwetu. Katika miaka ya 1960 zilitangazwa katika magazeti yaliyosomwa na Waafrika wa mijini, jarida la Drum likiwamo. Matangazo hayo hayakuwa ya kijinga kama lile la beseni. Hayakumwambia msomaji awe mzungu, kwa sababu wenye krimu walijua kwamba hizo ni zama za uhuru. Yalimwonyesha mwanamke mweusi kama yeye, ila mweupe kidogo zaidi, amevaa vizuri, amefanikiwa, anapendwa. Msomaji aliachiwa ajumlishe mwenyewe. Na msichana aliyefika mjini kutafuta kazi, akajiona anapitwa na wenzake waliong'aa, hakuwa mpumbavu alipojumlisha hivyo. Alikuwa anaisoma jamii yake kama ilivyo.

Mwaka 1975 daktari wa ngozi wa Afrika Kusini, Findlay, pamoja na wenzake walieleza ugonjwa waliokuwa wanauona kwa wanawake waliotumia krimu za haidrokwinoni muda mrefu. Ngozi ilikuwa haing'ai tena, bali imekuwa nyeusi kwa rangi ya bluu na kijivu, yenye vipele vigumu, na mara nyingi hairudi kama ilivyokuwa. Aliyenunua weupe alipata weusi usiokuwa wake. Madaktari walipaza sauti, na wanaharakati waliopigania heshima ya mtu mweusi wakapaza sauti, lakini ilichukua miaka 15 zaidi hadi serikali ya nchi hiyo ikatangaza, mwaka 1990, kanuni za kupiga marufuku krimu hizo. Ndugu wawili waliopata utajiri mkubwa kwa biashara hiyo waligeukia baadaye biashara ya kasino, na sehemu ya masharti ya kasino yao ilikuwa kujenga kitu cha faida kwa jamii. Wakajenga Makumbusho ya Ubaguzi wa Rangi ya Johannesburg, yaliyofunguliwa mwaka 2001. Tumelifikiria jambo hilo mara nyingi na hatujajua kama tulie au tucheke.

Na kwetu Tanzania? Hapa ndipo tulipoanza kujiona. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi, krimu za kung'arisha ngozi na suruali za kubana zingekuwa marufuku, kwa kuwa si utamaduni wetu. Nia tunaielewa, nasi hatutaki kuwacheka wazee wetu. Walikuwa wanataka taifa lililojitawala liache kujidharau. Lakini tangazo lilipotolewa tu, makundi ya vijana wa kiume huko Kariakoo yaliwavamia wanawake waliovaa sketi fupi, wengine wakishushwa kwenye mabasi. Magazeti yalijaa barua za kuunga mkono na za kupinga. Walioleta krimu nchini na waliozitangaza hawakukimbizwa barabarani. Aliyekimbizwa ni msichana aliyetoka kazini.

Tulipofika hapo tuliiweka kalamu chini. Vijana wa Kariakoo walitumia mikono, sisi tulitumia mzaha wa soda, na tofauti haikuwa kubwa kama tungependa. Wao nao walidhani wanautetea utu wa Mwafrika.

Baada ya hapo matangazo yalinyamaza kwa muda, si kwa sababu ya operesheni bali kwa sababu ya umaskini. Sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya themanini tulikuta mama zetu wakipanga foleni kwa kipande cha sabuni ya kufulia, na aliyekuwa na mafuta ya nazi alijipaka akashukuru. Hatusemi ilikuwa Edeni. Wasichana weupe walisifiwa hata wakati ule, na mahari ilijadiliwa huku macho yakipima. Kisha yakaja mageuzi ya uchumi kuanzia 1986, maduka yakajaa, na mwaka 1994 mambo mawili yakatokea pamoja: televisheni ilianza kurusha matangazo Tanzania Bara, na mashindano ya Miss Tanzania, yaliyokuwa yamefanyika 1967 yakakoma, yakarudi. Tulikuwa wavulana wa shule. Tulijazana sebuleni kwa jirani mwenye televisheni ya chogo, tukakaa sakafuni, tukatazama kila kitu, hata matangazo ya sabuni, kwa utulivu ambao walimu wetu wa shule ya Jumapili hawakuwahi kuupata. Hakuna aliyetufundisha kwamba yule dada mweupe wa kwenye tangazo ndiye mzuri. Hatukufundishwa, ila tukajua. Na dada zetu waliokaa nyuma yetu walijua kwamba tumejua.

Sheria zimefuata. Tangu 2003 tumekuwa na sheria ya kusimamia vipodozi pamoja na chakula na dawa, krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zikapigwa marufuku, na tangu 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko chini ya TBS. Mkataba wa Minamata umezibana krimu za zebaki duniani kote. Mwaka 2020 krimu maarufu iliyozaliwa India mwaka 1975 kwa jina la Fair & Lovely ilibadilishwa ikaitwa Glow & Lovely. Jina lilibadilika, kopo likabaki dukani. Wale vijana wetu wa Kipaimara hawahitaji hata kopo. Simu inawang'arisha kabla picha haijatumwa.

Lakini tusiwatazame wauzaji tu, maana nasi Kanisa tumekuwa watangazaji. Katika nyumba nyingi za Wakristo, na katika ofisi zetu za sharika, iko picha ya Yesu mwenye nywele laini za kahawia, ngozi nyeupe, uso umeinuliwa kidogo kuelekea mwangani. Iliyochapishwa zaidi ni ya Warner Sallman wa Chicago, aliyoichora mwaka 1940, nayo imetolewa nakala zaidi ya milioni 500. Sallman alikuwa Mkristo mwaminifu wa kanisa lililotokana na uamsho wa Walutheri wa Sweden. Kwa kazi ya mkate wake alikuwa mchoraji wa matangazo ya biashara. Hatusemi kwamba alitaka kuuza kitu. Tunasema alijua jinsi ya kuuangazia uso ili upendwe, na sisi tukautundika uso huo mmoja juu ya meza ya chakula, watoto wetu wakakua chini yake.

Kuna na jambo la kiungo kimoja cha maneno. Katika Wimbo Ulio Bora, sura ya 1, yuko mwanamke anayejitaja kuwa mweusi na kuwa mzuri. Kiebrania kinaunganisha maneno hayo mawili kwa herufi moja, inayoweza kusomwa "na", inayoweza kusomwa "lakini". Tafsiri ya kale ya Kigiriki iliweka "na". Jerome alipotafsiri kwa Kilatini aliweka "lakini", na Biblia yetu ya Kiswahili ya Union Version inasema "lakini". Kabla ya Jerome, Origeni wa Aleksandria alikuwa ameshafundisha kwamba weusi wa bibi arusi ni dhambi na uzuri wake ni toba. Tumeisoma aya hiyo mbele ya usharika mara nyingi bila kusita kwenye neno lile. Aya inayofuata inaeleza kwamba jua limemchoma kwa sababu ndugu zake walimpa kazi ya kulinda mashamba ya mizabibu. Ni mwanamke wa shamba. Wanawake wa sharika zetu wanamfahamu huyu kuliko Jerome alivyomfahamu.

Luther naye, akiwa Heidelberg mwaka 1518, alitoa hoja ambayo tuliisoma chuoni kwa ajili ya mtihani na kuisahau baada ya mtihani. Alisema kwamba upendo wa mwanadamu hukuta kitu kizuri ndipo ukakipenda, lakini upendo wa Mungu haukuti, unaumba. Wenye dhambi ni wazuri kwa kuwa wamependwa, hawakupendwa kwa kuwa ni wazuri. Duka haliwezi kusema hivyo, kwa sababu likisema hivyo halitauza. Sisi tungeweza kusema hivyo Jumapili ile, tukachagua soda.

Tulimtembelea yule mama mwezi wa nane. Alitukaribisha kwa chai. Alitueleza kwamba alianza krimu baada ya sherehe ya kumuaga binti yake, picha zilipotoka na shangazi mmoja akauliza kwa sauti ni nani yule mweusi pembeni. Krimu ilipokwisha fedha ikawa haitoshi, akaanza kuchanganya za bei rahisi sokoni. Alikuwa ameshakwenda KCMC, hospitali iliyozaliwa na makanisa, ambako tangu miaka ya 1990 kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Pale alikaa benchi moja na watu wenye ualbino waliofika kuchukua mafuta ya kuwakinga na jua. Alitwambia alijisikia vibaya kukaa nao, wao wakiogopa jua kwa sababu walizaliwa hivyo, na yeye kwa sababu alinunua. Tulimwomba msamaha. Akasema, "Baba Mchungaji, nimekusikia," akatuongeza chai.

Alirudi siku ya Matawi, akasimama safu ya nyuma.

Mwaka uliopita usharika uliamua kuchapisha kalenda yenye picha ya kwaya, kuchangia ujenzi. Sampuli ilipokuja kutoka kwa mchapaji, wanakwaya wote walikuwa wameng'arishwa kwa kompyuta, hata mzee wa besi mwenye miaka 71. Mchapaji alishangaa tulipolalamika. Alisema hiyo ni huduma ya bure, wateja wote huipenda. Tulimwomba arudishe nyuso kama zilivyo. Kalenda zilitoka katikati ya Februari, wakati watu wameshanunua za kwingine, na nyingi ziko bado stoo ya kanisa. Yeye hayumo katika picha. Tulimwomba, akasema labda mwaka mwingine.